Mkulima wa Usukuma Aliandikwa Wapi?

Mkoa wa Geita ulizaliwa Machi 2012 kwa kumegwa kutoka Mwanza, Shinyanga na Kagera, na tangu hapo jina lake halitajwi bila dhahabu. Jirani yake Shinyanga anatajwa kwa almasi ya Mwadui, aliyoigundua John Williamson mwaka 1940, na kwa mgodi wa Bulyanhulu na uliokuwa mgodi wa Buzwagi, upande wa Kahama. Lakini madini ya kwanza kuipa nchi hii sifa yalikuwa chuma. Warongo, wahunzi wa Uzinza, upande wa Geita, walikuwa wakiyeyusha mawe ya chuma katika tanuri za udongo, wakafua majembe yaliyosafiri mpaka Usukuma. Huko yalilima mtama na uwele, na mengine yakatolewa mahari. Biashara hiyo ilififia jembe la dukani lilipoingia. Mwanafunzi wa sekondari anaweza kukutajia Williamson bila kusita. Mrongo aliyefua jembe hana jina katika kitabu chake, na Msukuma aliyelishika hilo jembe hana pia.

Kuna maelezo mepesi ya jambo hili, na yanasemwa na watu wenye nia njema kabisa: wakulima hawakuandika, basi tukimbilie kwa wazee na vinasa sauti kabla hawajafariki. Kukimbilia kwa wazee ni jambo zuri. Ila maelezo yenyewe yana kosa, kwa sababu yanamfanya mkulima awe mtu aliyesahau kujiandika. Ushahidi wa Usukuma unaonyesha kinyume. Mkulima alijiandika, tena kwa utaratibu: katika majina ya watoto, katika uzio wa kaya, katika ngitili (malisho ya akiba) na katika makaburi. Kumbukumbu hizo zilikuwa na sharti moja, nalo ni kwamba msomaji wake abaki pale pale zilipo. Kilichozivuruga ni kuhamishwa kwa watu, tena na tena, kwa amri ya serikali ya kikoloni, kisha ya serikali huru, kisha kwa ajili ya mgodi.

Tuanze na majina. Mabula na Kabula ni watoto wa mvua. Malimi amezaliwa watu wakiwa shambani wanalima. Magembe ni majembe. Kulwa na Doto ni pacha, na anayezaliwa baada yao ni Shija, hivyo ukikutana na Shija umeshajua kwamba mama yake alibeba mimba ya pacha kabla yake, hata kama pacha wenyewe hawakuishi. Hii ni rejesta ya uzazi na ya majira kwa pamoja, ambayo hakuna karani aliyelipwa kuitunza. Udhaifu wake ni kwamba jina linakuambia mvua bila kukuambia mwaka. Ili ujue ni mvua ipi, unahitaji majirani waliolowa siku hiyo, na unahitaji kaya yenyewe. Kaya ya Kisukuma ilizungushiwa manyara, ule mmea wa utomvu mweupe ambao ng'ombe hawaugusi, na ndani yake au pembeni ndipo walipozikwa wenye kaya. Mtu anayepita maeneo ya zamani ya Usukuma huweza kuona mstari wa manyara umesimama peke yake katikati ya shamba, umeota ukawa miti, hakuna nyumba. Hapo paliishi watu. Aliyebaki jirani atakuambia ni akina nani. Aliyehamia jana ataukata apate kuni.

Wakoloni nao waliandika, na waliandika sana. Shinyanga ilifanywa makao ya utafiti wa mbung'o chini ya Charles Swynnerton, na mapori makubwa yalifyekwa kwa nguvu za wanavijiji ili kumnyima mdudu huyo kivuli. D. W. Malcolm aliandika kitabu kizima juu ya ardhi, watu na mifugo ya Usukuma. Hans Cory alikusanya sheria za kimila. Kazi hizo zina thamani, wala sitaki kuzibeza, ila ukizisoma unakutana na ekari, idadi ya ng'ombe, mipaka ya himaya na orodha za watemi. Mtemi ana jina. Kidaha Makwaia wa Usiha, kwa mfano, anakumbukwa kwa haki kabisa kuwa mmoja wa Waafrika wawili wa kwanza kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1945. Waliofyeka pori wameingia kwenye kumbukumbu kama nguvukazi.

Zipo sehemu mbili ambako mkulima wa kawaida anajitokeza katika karatasi, na zote mbili amejitokeza kwa ugomvi. Ya kwanza ni mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza 1947, ambao ulitaka kupunguza mifugo, kulazimisha kilimo cha matuta na kuwahamisha watu kutoka wilaya zilizojaa kwenda Geita kwenye ardhi tupu, au iliyosemwa kuwa tupu. Chuki dhidi ya amri hizo ilijikusanya kwa miaka, na mwaka 1958, serikali ilipotaka kuiwekea Geita baraza la mchanganyiko wa rangi, umati wa wakulima uliandamana hadi Mwanza kudai wasikilizwe, ukatawanywa kwa mabomu ya machozi. Ya pili ni pamba. Wakulima walihisi wanapunjwa kwenye mizani ya wanunuzi, wakaanza kuweka watu wao wa kusimamia upimaji, na kutokana na hilo, chini ya Paul Bomani, likazaliwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria mwaka 1955, ambalo lilikua likawa miongoni mwa ushirika mkubwa kabisa Afrika. Chama cha msingi ndicho kilichomwandika mkulima kwa jina na kwa uzito wa pamba yake, msimu kwa msimu. Kama kuna daftari ambalo mwanahistoria wa Usukuma angepaswa kulitafuta kwa taa, ni lile. Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama hivyo nchi nzima, na vilipofufuliwa miaka ya 1980, Shinyanga ikipata chama chake kikuu, SHIRECU, msururu wa uandishi ulikuwa umeshakatika.

Kabla ya hapo lilikuwa limekuja pigo kubwa zaidi. Mwaka 1974 operesheni ya vijiji ilizikuta kaya za Shinyanga zimetawanyika juu ya vilima na kando ya mbuga kama zilivyokuwa siku zote. Watu waliondolewa wakapangwa kwa mistari kandokando ya barabara. Nia iliyotangazwa ilikuwa shule, zahanati na maji, na vitu hivyo vingi vilifika. Atakayekana hilo hasemi kweli. Lakini kila kaya iliyoachwa iliacha manyara yake, makaburi yake na ngitili yake. Ngitili ni kipande cha ardhi ambacho mwenye kaya au ukoo hukifunga wakati wa mvua, nyasi na miti vikue, kisha hukifungua kiangazi kikali mifugo inapokosa malisho. Inamtaka mwenye nayo awe karibu aione, na majirani wajue ni ya nani. Wenyewe walipokaa mbali, ngitili zikawa za wote, maana yake hazikuwa za mtu, zikakatwa na kulishwa hadi udongo. Wakati serikali ilipoanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, mkoa ulikuwa umeshaitwa jangwa la Tanzania, na ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kama hekta 600 tu.

Yaliyofuata ndiyo ushahidi mzito kuliko wote katika hoja hii. Mwanzoni wataalamu walikuja na vitalu na miche, na baadhi ya miti yao ilitoka mbali. Kilichofanya kazi kwa upana ni kurudi kwenye ngitili. Wazee walijua zilikuwa wapi, zilifungwa lini, mti gani unachipua kutoka kwenye kisiki na upi unafaa kwa dawa, kwa nguzo au kwa kivuli cha ndama. Mikutano ya kimila ya dagashida iliamua mipaka na faini kama ilivyokuwa ikifanya zamani. Kufikia mwanzo wa miaka ya 2000 makadirio yalikuwa ya hekta zaidi ya 300,000 katika vijiji zaidi ya 800, na mwaka 2002 HASHI ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator. Wanaosema kumbukumbu haijazi ghala wanapaswa kulijibu hili. Shinyanga ilirudishiwa nyasi zake na kizazi kilichokumbuka nani alimiliki nini kabla ya 1974. Mradi huo ungechelewa miaka 20 zaidi, sijui ungemuuliza nani.

Pingamizi la kwanza ninalolitarajia linatoka kwa watu wanaoijua Usukuma vizuri. Watasema: Msukuma ni mhamaji. Ardhi ikichoka au ng'ombe wakizidi, anasonga. Leo yuko Geita, Katavi, Morogoro na hata Lindi. Huyo mtu wa kufungwa na uzio wa manyara ni wa kubuni. Kwamba wanahama ni kweli, na Geita ya leo imejaa wajukuu wa waliotoka Kwimba na Shinyanga. Ila kuna kuhama na kuna kuhamishwa. Anayehama kwa hiari yake humtanguliza ndugu mmoja, akafuatwa na wengine, akaacha mwingine nyuma kwenye makaburi, kamba haikatiki. Amri ya 1974 iliondoa kijiji kizima kwa wakati mmoja, hakubaki wa kuulizwa. Isitoshe, hoja ya uhamaji ina ncha mbili. Ardhi ya Geita waliyoikuta wahamiaji haikuwa tupu. Ilikuwa ya Wazinza, na kumbukumbu zao zimefunikwa na za Wasukuma kama vile za Wasukuma zilivyofunikwa na za mgodi. Makala inayolilia kumbukumbu za mmoja bila mwingine imeanza vibaya.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: kumbukumbu ya wazee hupendelea. Hukumbuka ng'ombe na kusahau damu. Shinyanga ina jambo ambalo wengi wangependa lisahauliwe, nalo ni mauaji ya vikongwe. Taarifa ya serikali iliyohesabu mauaji ya imani za uchawi nchini kati ya 1970 na 1984 ilipata watu 3,693, wengi wao wanawake, na zaidi ya nusu waliuawa Usukuma. Macho mekundu ya bibi aliyepikia moshi wa samadi na mabua ya pamba maisha yake yote yalitosha kuwa hati ya mashtaka. Sungusungu, jeshi la jadi lililoibuka huku mwanzoni mwa miaka ya 1980 na kusifiwa kwa kukomesha wezi wa mifugo, katika miaka yake ya mwanzo liliwawinda pia walioitwa wachawi. Hao bibi walikuwa wakulima. Walipalilia pamba ileile iliyojenga ushirika. Nakubali basi kwamba simulizi peke yake haitoshi, na kwamba inahitaji kupimwa kwa daftari, kwa majalada ya mahakama na kwa makaburi. Lakini majalada hayo nayo yanawajua vikongwe kama idadi. Namba 3,693 haina hata Kabula mmoja ndani yake. Kuwakumbuka wakazi wa kijiji kwa ukweli kunawaingiza pia waliouawa na majirani zao, kwa majina, pale walipoishi, na hilo ndilo ambalo sherehe za mila na makumbusho ya ngoma huwa zinalikwepa.

Turudi kwenye dhahabu, kwa kuwa huko ndiko kumbukumbu zimegeuka kuwa suala la sheria na fedha. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa 1966. Mpya ulianza uzalishaji mwaka 2000. Bulyanhulu, wachimbaji wadogo waliamriwa kuondoka mwaka 1996, na mgodi mkubwa ukafunguliwa 2001. Katika kila ardhi inayotwaliwa, mthamini huja na fomu. Anahesabu nyumba, mikorosho kama ipo, miembe, mihogo. Makaburi yana sheria yake, Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969, na ni sheria ya ajabu kidogo ukiisoma kwa makini. Inaweka kikomo cha fidia kwenye gharama za kufukua, kusafirisha na kuzika upya, lakini inakubali pia gharama za tambiko. Bunge la nchi isiyo na dini rasmi lilitambua kwamba marehemu huombwa radhi anapohamishwa. Ili kulipwa, hata hivyo, lazima mtu ajitokeze aseme kaburi hili ni la nani. Familia iliyoondolewa 1974 kwenda kilomita kumi mbali, ikaacha lundo la mawe lisilo na msalaba wala saruji, itathibitisha vipi? Itamleta mzee. Na mzee akiwa ameshafariki, lundo hilo litakuwa mawe.

Kwa hiyo sioni maana ya kujenga mnara wa mkulima mjini Geita au Shinyanga, ingawa utapendwa na wapiga picha. Kazi inayowezekana ni ndogo, na vyombo vyake vipo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaviwezesha vijiji kupima mipaka na kutoa hati za hakimiliki ya kimila, na katika zoezi hilo wazee hutembezwa shambani kuonyesha mpaka unapopita. Wakiwa wamesimama pale, na karani yuko nao na daftari limefunguliwa, waulizwe swali moja zaidi: kabla ya 1974, palikaa nani? Iandikwe kaya, aandikwe Malimi wake na Shija wake, ziandikwe mvua na ng'ombe, na aandikwe pia bibi aliyekutwa ameuawa kama yupo. Mstari wa manyara nao uwekwe kwenye ramani, ule ambao bado haujakatwa.