Kobalti ya Katanga na dantie ya mama

Bandugu, mniruhusu leo niandike juu ya meno.

Mama anakaa Muhumba. Alizaliwa mji huu ungali unaitwa Costermansville. Magego yake yote ya chini yameng'olewa, kuume na kushoto; yamebaki sita ya mbele. Anavaa dantie ya kutoa na kurudisha. Akitafuna muhogo, dantie inazama nyuma na kuinuka mbele, sawa na mtumbwi mtu akikaa upande mmoja. Fizi inatoka kidonda. Siku hizi anakula paka bugali laini na sombe, na dantie inalala ndani ya kikombe.

Mimi nilisoma historia, si udaktari. Lakini dantisti aliponiambia kwamba ile fremu ya chuma ni kobalti na kromu, karibu asilimia 60 kobalti, njo nikaanza kutafuta. Union Minière ilianza kutoa kobalti Katanga miaka ya 1920. Kumi iliyofuata, Marekani wakaleta aloi ya kobalti yenye jina Vitallium, na wenye kutengeneza meno wakaipenda: ngumu, haishiki kutu, na bei yake chini ya dhahabu. Mwaka 1938, kule Boston, Alvin Strock akapanda skrubu za Vitallium hiyo hiyo ndani ya taya za watu. Yaani fremu na kipandikizi vilitumia chuma kimoja, na Katanga ilikuwa kati ya wauzaji wakubwa wa kobalti duniani. Wachimbaji wetu hawakuambiwa kama inaweza kuishia mdomoni mwa mtu.

Titani ilikuja kwa bahati. Mwaka 1952, Msweden Per-Ingvar Brånemark alikuwa anachunguza mfupa wa sungura kwa chombo cha titani. Alipotaka kukitoa, kikakataa: mfupa ulikuwa umekishika. Mwaka 1965 akampandia mgonjwa wa kwanza, na baada ya mkutano wa Toronto wa 1982 madaktari wengi wa Amerika wakaamini.

Wengi wakifikiria vipandikizi wanaona mdomo mzima wa meno yasiyotoka. Hiyo ni ya matajiri. Kwa mdomo kama wa mama, ambao Edward Kennedy aliuweka katika daraja la kwanza mwaka 1925, kuna njia ndogo: kipandikizi kimoja kila upande, pale lilipokuwa gego. Dantie inakaa juu yake na kubana kama kifungo cha koti. Nyuma haizami tena, fizi inapumzika, na meno sita ya mbele hayavutwi na vile vikamatio. Bado ataitoa usiku na kuiosha, na vifungo vitachoka, vitabadilishwa.

Tulipomweleza, mama aliuliza, «Kobalti si ya kwetu? Sasa mbona mimi njo nailipa?» Halafu akasema hizo pesa tuzipeleke kwenye minerval ya wajukuu.

Dantisti anataka kwanza apime unene wa mfupa, maana mahali pasipo jino mfupa unapungua, na mama amekaa miaka mingi hivyo. Upimaji amekubali. Skrubu bado. Mimi na kaka tumeanza kuweka akiba bila kumwambia.