Fyuzi imekata

Mpelekee fundi wa Chang'ombe pasi isiyowaka. Atafungua plagi, atachomoa kipande kidogo cha kauri chenye vichwa vya chuma, akutangazie kama msiba: “Fyuzi imeungua.” Wengine husema imekata, na hao ndio walioipatia, maana kukata ndiyo kazi yake. Ndani mna uzi mwembamba. Mkondo ukizidi, uzi huyeyuka na umeme husimama kabla waya haujashika moto. Hata boti ya kuchezea ya rimoti huweza kuwekewa fyuzi kati ya betri na mota: pangaboi likinaswa na majani, mota hukwama, hufyonza umeme kupita kiasi, fyuzi ikakata.

Sakiti breka nayo hukata mkondo ukizidi, ila yenyewe haiungui. Hushuka, ukaipandisha.

Neno la kuogopa ni “dairekti”. Fundi huviringisha karatasi ya bati ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi, pasi ikawaka, mteja akashukuru! Fyuzi za plagi zetu za pini tatu huandikwa ampea: 3, 5, 13. Karatasi ya sigara haikuandikwa chochote. Akikwambia “tupige dairekti”, chukua pasi yako uondoke.