Saa ya kenda

Tukisoma Mateso ya Bwana katika Injili ya Mtakatifu Marko, twaona nyakati tatu zinatajwa: saa ya tatu Yezu anatundikwa msalabani, saa ya sita giza linaingia, saa ya kenda anakata roho. Katekista wa kijiji kinachohesabu saa tangu macheo hana haja ya kueleza neno hapo, kwani watu wake wanahesabu sawasawa na watu wa zamani zile. Lakini mijini, hasa kule Katanga, wengi wanahesabu kama Wazungu, tangu katikati ya usiku. Hao wakisikia saa ya kenda, wanafikiri Bwana alikufa asubuhi, mbele ya jua kuwa kali.

Tena saa ya Waroma haikuwa na urefu mmoja. Mchana, tangu jua kutoka hata kushuka, waliugawanya sehemu 12, na usiku vilevile. Kwetu karibu na ikweta jambo hili halionekani, maana mchana na usiku karibu vinalingana mwaka mzima. Roma sivyo: wakati wa baridi saa moja ya mchana ilikuwa kama dakika 45, wakati wa joto ikafika dakika 75. Mtumwa wa shambani alijua tofauti hiyo mgongoni mwake. Mtakatifu Benedikto naye, katika Kanuni yake ya karne ya 6, aliifuata hesabu hiyo: wakati wa baridi wamonaki waamke saa ya nane ya usiku, kusudi wapate kulala kupita nusu ya usiku kidogo.

Kiisha zikaja saa za chuma. Huko Milano, mwaka 1336, saa ya kanisa la San Gottardo ilipiga kengele kwa saa 24 zenye kulingana. Tangu hapo, polepole, miji ya Ulaya iliacha kuliuliza jua, na kengele ikawa ya wachuuzi na ya wenye kulipa mishahara pia. Hatusemi ni ubaya. Nani apenda kukosa treni?

Lakini chuma chapima mwendo wake chenyewe tu. Mtakatifu Augustino, kama mwaka 400, katika kitabu cha 11 cha Maungamo yake, alishangaa hivi: yaliyopita hayako tena, yatakayokuja hayajawa, nasi twasema wakati huu ni mrefu, ule mfupi. Twapima nini basi? Akatwaa mfano wa mtu anayetaka kuimba zaburi aijuayo. Mbele ya kuanza, yote iko katika kungojea kwake. Akiendelea, kila neno lahamia katika ukumbusho, hata kungojea kwishe. Kipimo kimo rohoni.

Kumbe zaburi hizo ndizo Eklezia ilizogawanya kwa saa: Tersia, Seksta, Nona. Zamani mapadri wengi walizifunga zote pamoja, wakazimaliza mbio mbele ya saa sita ya usiku. Tarehe 4 Desemba 1963 Konsilio la pili la Vatikano liliondoa Prima, likataka kila sala isomwe karibu na saa yake ya kweli. Na asiye wa koro aweza kuchagua moja tu katika hizo tatu.

Sisi wenyewe tumepata kusoma Nona kwa taa ya mafuta, saa tatu ya usiku, na Vespera ikingoja nyuma yake. Maneno yalikuwa yaleyale. Lakini nje bundi alikuwa akilia, na jua la saa ya kenda lilikuwa limekwisha kupita zamani, tukiwa njiani, pasipo sisi kulitazama.