Roketi Imesongezwa Tena? Hivi Ndivyo Ratiba ya Kurusha Husomwa, Tukianza na Taifa-1

Ukiwa steji ya Mamboleo na makanga akwambie "tunatoka saa hii, imebaki mtu mmoja", unajua hiyo saa hii iko na maana yake. Gari itatoka, hiyo si uongo, lakini itatoka ikijaa. Ratiba ya roketi iko hivyo hivyo, tofauti ni kwamba badala ya abiria inangoja upepo, vali, kibali na meli zitoke njiani.

Wakenya wengi walikutana na hii form Aprili 2023. Taifa-1, satelaiti ya kwanza ya Kenya ya kupiga picha za dunia kikazi, ilitangazwa itarushwa tarehe 10 Aprili, ambayo ilikuwa Jumatatu ya Pasaka. Roketi ilikuwa Falcon 9 ya SpaceX, ikitokea kituo cha Vandenberg kule California. Pasaka ikapita. Tarehe ikasongezwa, ikasongezwa tena, sababu ikiwa hali ya hewa. Mwishowe ikapaa Jumamosi, 15 Aprili, saa tatu na dakika 48 asubuhi saa za hapa kwetu, ikiwa imebeba mizigo 51 ya wenyewe tofauti. Yetu ilikuwa mmoja tu kati ya hiyo.

Sasa, ukiwa Mkenya na usikie kitu cha takriban shilingi milioni 50 za umma kimesongezwa mara ya pili, akili inakimbia moja kwa moja kwa nani amekula. Ni kawaida, tumeshazoeshwa. Lakini tarehe ya roketi ikisonga si lazima kuwe na mchezo, na ukijua kusoma tangazo utajua ni wakati gani wa kungoja na wakati gani wa kuanza kuuliza maswali.

Kitu cha kwanza ni herufi tatu: NET. Zikikaa mbele ya tarehe zinamaanisha "si kabla ya hiyo siku". Hakuna aliyekuahidi kwamba itakuwa siku hiyo. Gazeti likiandika tu "itarushwa tarehe 10" bila hizo herufi, ahadi imeongezwa njiani, na hapo ndipo raia huanza kuhisi amechezwa.

Cha pili, angalia tarehe inasonga kwa kipimo gani. Roketi ikiwa mbali inasonga kwa mwaka au miezi. Ikishafika kwa pedi inasonga kwa siku. Siku yenyewe, inasonga kwa dakika. Kwa hivyo roketi iliyosonga kutoka Jumanne hadi Jumatano iko karibu sana, hata kama inauma. Ile ya kuogopa ni ya "mwezi ujao" ambayo kila mwezi bado ni ya mwezi ujao.

Mbona isongezwe siku nzima na si masaa mawili? Satelaiti nyingi za kupiga picha huwekwa kwa njia inayozipitisha juu ya sehemu moja saa ile ile ya mchana, ndio vivuli vifanane na picha za leo ziweze kulinganishwa na za mwezi jana. (Ukitaka kujua gugu maji la ziwani limesonga kutoka Dunga hadi wapi, picha za namna hiyo ndizo unahitaji.) Ili uingie njia hiyo lazima urushe wakati Dunia imejizungusha ikakaa mahali sawa, na huo wakati, unaoitwa dirisha, ni mfupi. Ukiukosa, unarudi kesho. Falcon 9 nayo hujazwa mafuta na oksijeni baridi ikiwa imebaki kama dakika 35 tu. Ikishaanza kujazwa, kusimama katikati mara nyingi kunamaanisha hiyo siku imeisha. Hapo ndipo utaona neno "scrub": wameachana nayo kwa siku hiyo, roketi iko salama. "Hold" ni kitu kingine. Hapo saa ya kuhesabu imesimamishwa na inaweza kuendelea.

Halafu kuna hii ya saa, ambayo huchanganya hadi wasomi. California wakiwa saa sita kasoro dakika 12 usiku wa Ijumaa tarehe 14, Kisumu tayari ilikuwa Jumamosi asubuhi tarehe 15. Roketi ni moja, tarehe mbili, na hakuna aliyekosea. Ndio maana matangazo makini hutumia saa ya kimataifa, UTC. Watu huhangaika kuongeza tatu halafu kutoa sita ndio wapate saa ya Kiswahili, lakini kuna njia fupi: toa tatu tu. UTC 06:48 ni saa 3:48 asubuhi. UTC 20:00 ukitoa tatu ni 17, toa 12, ni saa tano usiku. Msee wa Mamboleo hahitaji programu yoyote kwa hiyo hesabu.

Hayo yote ni ya roketi iliyokomaa. Ile Falcon 9 ya Taifa-1 ilikuwa na kipande cha chini ambacho kilikuwa kimeshatumika mara kadhaa. Roketi ndogo inayorushwa mara ya kwanza kabisa ni story ingine, na hapo weka moyo wako mbali na kalenda.

Cheki Falcon 1, roketi ya kwanza ya hao hao SpaceX, kutoka kisiwa kidogo cha Omelek kwenye Bahari ya Pasifiki. Novemba 2005 walijaribu wakaacha, vali ya oksijeni ilikuwa imeachwa wazi. Desemba upepo ukakataa, halafu tangi la mafuta likabonyea. Ilipopaa hatimaye, tarehe 24 Machi 2006, injini ilishika moto ikazima baada ya kama nusu dakika. Ilifika kwa obiti mara ya nne, Septemba 2008. Electron ya Rocket Lab, urefu wa mita 17 tu, ilipangiwa dirisha la siku kumi kule New Zealand Mei 2017. Hali ya hewa ilikula siku tatu za kwanza. Ikapaa tarehe 25, ikafika angani, lakini ikakatizwa kabla ya obiti kwa sababu ya mtambo wa mawasiliano wa ardhini uliopangwa vibaya. Roketi yenyewe haikuwa na shida. Safari ya pili, Januari 2018, ilifaulu.

Na kabla useme hizi ni mambo za wazungu huko mbali: roketi ndogo aina ya Scout zilikuwa zinarushwa hapa Kenya, kutoka jukwaa la Waitaliano baharini karibu na Malindi, kuanzia 26 Aprili 1967 hadi 1988. Satelaiti ya Uhuru ilitoka hapo tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Day, na jina ikapata kwa hiyo siku.

Ukitaka kufuata roketi yoyote, anza na mwenye roketi, halafu mwenye satelaiti (kwa Taifa-1 ilikuwa Kenya Space Agency), halafu ndio sisi wa habari. Marubani na mabaharia pia hutumiwa ilani ya kukaa mbali na eneo la hatari, na hizo huwa na siku za akiba. Ukiona ilani iko na siku nne, jua wenyewe tayari wanategemea kusongeza. Ukiona ilani imefutwa na hakuna mpya, acha kununua data.

Ikipaa pia usizime simu mara moja. Kupaa si kufika. Ngoja roketi iingie obiti, ngoja satelaiti yako itengane nayo (zikiwa 51 zinaachiliwa moja moja, kama abiria wa mathree ya kushukisha kila kona), kisha ngoja kituo cha ardhini kiseme kimesikia sauti yake.