Zidaka, Mkeka na Chumba Changu cha Kupanga

Wasomaji wangu, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa nahangaika na chumba. Nimepanga Kinondoni, kodi nimeshalipa ya miezi sita, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za rangi wala msumari ukutani. Rafiki yangu alipoingia alicheka: "Hii stoo au unaishi humu?" Nikaanza kupiga hesabu za sofa, kapeti na mapazia mapya. Hesabu ikagoma.

Ndipo nikaikumbuka Lamu. Nilipokwenda huko kikazi niliingia nyumba ya kale ambayo siku hizi ni makumbusho. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana kama mita 3 tu. Sababu ni boriti. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti ya mkoko ikizidi urefu huo inaanza kulemewa. Kuta nazo ni nene, za mawe ya matumbawe na chokaa. Kwa hiyo hata tajiri wa karne ya 18, mwenye vyombo vyake baharini, alibanwa na chumba kama mimi ninavyobanwa na mwenye nyumba!

Sasa walifanyaje?

Kwanza, mwanga. Nyumba iliupa mtaa kisogo ikafungukia kiwanda, yaani ua wa katikati usio na paa. Mwanga uliingia hapo, ukapita misana, mpaka chumba cha mwisho walichokiita ndani. Kuta zilipigwa lipu nyeupe ya chokaa, ili hata mwanga kidogo uliofika kule usipotee.

Pili, zidaka. Ukuta wa ndani ulijaa vishubaka, safu juu ya safu, humo zikapangwa sahani za kaure kutoka China na vyombo vingine vya thamani. Ukitaka sura mpya huhitaji kuugusa ukuta, unabadilisha kilichomo. Ndugu zangu wa Dar, tembeleeni magofu ya Kunduchi: sahani za namna hiyo zilipachikwa hata kwenye nguzo za makaburi.

Tatu, vitu vinavyokunjika. Mkeka wa ukindu unakung'utwa, unaanikwa juani, unatandikwa upya. Kanga ilipoenea pwani mwishoni mwa karne ya 19, haikuishia mwilini, ikawa shuka, ikawa pazia. Doti moja ina vipande viwili, chagua mwenyewe. Kisha udi au ubani kwenye chetezo, na mgeni atadhani umehamia nyumba nyingine.

Hapo ndipo roho iliponiuma. Bibi yangu alipofariki Tanga mwaka 2019, shangazi aliniuliza, "Mwanangu, wewe utachukua nini?" Nikajibu sina pa kuweka. Nikauacha mkeka wake na chetezo chake, nikarudi Dar kutamani sofa za watu.

Wiki iliyopita nilimpigia shangazi. Mkeka umeliwa na mchwa. Chetezo kipo. Kimefika juzi kwa basi, kimeviringishwa kwenye gazeti, na majivu ya zamani bado yamo.

Jumamosi nikatoa kila kitu nje. Nikaosha sakafu, nikaanika godoro. Kabati lililokuwa limeziba nusu ya dirisha nimelihamishia nyuma ya mlango, meza ikakaa penye mwanga. Masanduku mawili ya mbao ya sokoni nimeyalaza ubavu, moja juu ya jingine: hizo ndizo zidaka zangu, bila msumari hata mmoja. Nimeweka vitu vitatu tu, vingine viko begini vikisubiri zamu yao mwezi ujao. Kanga iko dirishani. Nilichonunua cha maana ni mkeka, Kariakoo, na nilipoutandika nilijua kabisa kwamba si ule.

Jioni nikachoma ubani. Kwa dakika chache chumba changu cha Kinondoni kilinukia Tanga.

Kwa hiyo, msomaji, chumba kikikuchosha usikimbilie dukani. Piga simu nyumbani kwanza, uliza ni nini bado kipo. Ila wahi kabla ya mchwa.