Vile Viwingu Visivyotembea

Usiku wa Krismasi mwaka 1758, mkulima mmoja wa Prohlis, karibu na mji wa Dresden huko Ujerumani, aliona kiwingu hafifu ndani ya darubini yake, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu. Johann Georg Palitzsch alikuwa ameipata nyotamkia ambayo mwanaastronomia Edmond Halley, aliyekwisha kufa, alitabiri kwamba ingerudi. Kule Paris, mwanaastronomia Charles Messier alikuwa akiisaka kwa miezi mingi kwa kufuata ramani ya mkuu wake, Delisle. Ramani hiyo ilikosewa. Messier aliiona Januari 1759, na hata hapo Delisle akamkataza kutangaza. Palitzsch hakuwa na mkuu wa kumkataza.

Agosti 1758 Messier alikuwa amekutana na kiwingu kingine, kwenye kundinyota la Ng'ombe. Kilifanana kabisa na nyotamkia isiyo na mkia, ila hakikusogea. Akakipa namba 1 katika orodha ya vitu vinavyowapotezea wasakaji wa nyotamkia muda. Kufikia 1781 vilikuwa 103. Namba 45 ni Kilimia, kile kile ambacho wakulima wetu walikitazama ili kujua majira, ingawa ni vigumu kumpata mtu atakayekidhania nyotamkia.

Nyotamkia hafifu haina fahari ya picha za magazetini. Ni doa la kijivu tu. Ukilikodolea macho linapotea. Ukitupa jicho pembeni kidogo linarudi, kwa sababu katikati ya jicho si hodari gizani. Mtazamaji huchora nyota zilizo jirani, husubiri saa moja au mbili, kisha hulinganisha: limesogea? Kupima mwanga wake, huzungusha lenzi hadi nyota ya kawaida itawanyike na kulingana na doa kwa ukubwa, ndipo aamue lipi linang'aa zaidi.

Kazi hii inadai kuijua anga kwa moyo. George Alcock, mwalimu wa shule nchini Uingereza, alikariri maelfu ya nyota. Agosti 1959 aligundua nyotamkia mbili kwa siku tano. Jack Bennett wa Pretoria aliijua vizuri mno M83, galaksi iliyo namba 83 kwa Messier, hivi kwamba mwaka 1968 alipoona nukta ngeni ndani yake hakubabaika: nyota ilikuwa imelipuka. Mwishoni mwa 1969 akaipata nyotamkia iliyobeba jina lake.

Kituko kikubwa ni cha Julai 1995. Huko Marekani, Alan Hale na Thomas Bopp, kila mmoja kivyake, walikuwa wakitazama M70, na pembeni yake palikuwa na doa lisiloandikwa popote. Bopp alikuwa akitumia darubini ya rafiki yake. Hale alituma barua pepe. Bopp akatuma telegramu.

Siku hizi mitambo hupiga picha anga nzima, nayo ndiyo hugundua nyotamkia nyingi. Lakini mitambo mingi huliepuka eneo lililo karibu na Jua, alfajiri na jioni. Agosti 2019, Gennadiy Borisov alielekeza huko huko darubini aliyoiunda mwenyewe, akiwa Crimea. Hesabu za njia ya nyotamkia aliyoikamata zilionyesha kuwa ilitoka nje ya mfumo wetu wa Jua, ya kwanza ya aina hiyo kujulikana.