IPK: Chama Ambacho Hakikusajiliwa



Ndugu msomaji, ukikaa barazani Mombasa baada ya tarawehe, kahawa na kashata mkononi, mazungumzo hayachelewi kufika kwenye siasa. Na wazee wakianza siasa, kuna herufi tatu hazikosi kutajwa: IPK. Vijana wengi wa leo walizaliwa baada ya mambo hayo. Mmoja atakwambia kilikuwa chama cha fujo, mwingine atakwambia kilikuwa chama cha mashujaa. Hebu tukitazame kama kilivyokuwa.

Kenya ilifanywa nchi ya chama kimoja kisheria mwaka 1982. Desemba 1991 kifungu cha 2A kikaondolewa katika Katiba, na vyama vikaanza kuchipuka kila upande. Mwanzoni mwa 1992, hapa Mombasa kikazaliwa Islamic Party of Kenya, yaani IPK.

Utauliza, kwa nini chama cha Waislamu? Si ati watu waliamka asubuhi moja tu wakakitaka. Kulikuwa na machungu. Sheria ya Urithi iliyoanza kutumika 1981 iliwabana hata Waislamu katika mirathi yao, mpaka ikarekebishwa mwaka 1990 baada ya malalamiko mengi. Mwaka 1989 Wakenya wenye asili ya Kisomali walifanyiwa msasa na kupewa kadi maalumu za kuthibitisha uraia, jambo ambalo Wakenya wengine hawakufanyiwa. Na Mwislamu akienda kutafuta kitambulisho au pasipoti, mara nyingi aliambiwa alete cheti cha baba, kisha cha babu. Watu walihisi ni wageni katika nchi yao.

Serikali ikakataa kukisajili chama. Sababu iliyotolewa ni kwamba kimejengwa juu ya dini. Wenyewe waliona wamenyimwa haki ambayo wengine wamepewa.

Hapo ndipo jina la Sheikh Khalid Balala likavuma. Alikuwa akihubiri hadharani Mwembe Tayari, na vijana walimiminika kumsikiliza. Mei 1992 wahubiri walipokamatwa, Mombasa ikachafuka: mawe, vitoa machozi, hata misikiti haikusalimika. Tuseme ukweli pia, ndugu zangu: si kila lililofanywa kwa jina la IPK lilikuwa la kheri. Maneno makali yalitoka, mali za watu ziliharibiwa, na baadaye Balala mwenyewe na viongozi wenzake wa chama wakakosana.

Uchaguzi wa 29 Desemba 1992 ulipofika, IPK haikuweza kusimamisha mgombea hata mmoja. Ikafanya nini? Ikaungana na FORD-Kenya ya Jaramogi Oginga Odinga. Katika viti vinne vya Mombasa, FORD-Kenya ilichukua viwili, Kisauni na Likoni. Chama kisicho na cheti kikaonyesha kwamba kina kura.

Kilichokiumiza zaidi hakikutoka kwa msajili. Mwaka 1993 kikatokea kikundi cha United Muslims of Africa, UMA, kikiongozwa na Omar Masumbuko na kikiungwa mkono na watu wa KANU. Maneno yao yalikuwa kwamba IPK ni ya Waarabu, na Mwislamu Mwafrika ana njia yake. Vijana waliosimama safu moja msikitini wakapigana barabarani. Wallahi hilo ndilo la kusikitisha kuliko yote.

Balala akasafiri kwenda Ulaya, na akiwa Ujerumani akakataliwa pasipoti mpya, eti si Mkenya ila ni raia wa Yemeni. Alirudi nyumbani Julai 1997. Mwaka huo vyama vingi vilisajiliwa, lakini si IPK. Polepole kikafifia. Na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 91, imefunga mlango kabisa: chama hakiwezi kuundwa juu ya msingi wa dini, lugha, rangi, kabila, jinsia wala eneo.

Je, kilipita bure? Sidhani. IPK iliwafundisha wengi kwamba Mwislamu wa Kenya anaweza kudai haki yake mchana kweupe. Lakini pia ilituachia onyo. Viti viwili vilipatikana kwa kushikana na wengine wasiokuwa wa dini yetu. Nguvu zilipotea tulipokubali kuulizana nani Mwarabu na nani Mwafrika, na hali Uislamu ulikuja kulifuta swali hilo.

Kwa hivyo, kijana, mzee akilitaja jina hilo barazani, usicheke wala usipandishe hasira. Muulize, msikilize. Kisha kesho yake nenda ukachukue kitambulisho chako, ujiandikishe kura. Na akija mtu kukugawanya na nduguyo kwa rangi, mjue ni yule yule wa 1993, amebadilisha nguo tu.

Allah azikubali funga zetu na atuunganishe. Wabillahi tawfiq.